Bastola ya Baba, Mkoba wa Mama

Kambi ya Hemlock Bend, Pennsylvania
9 Septemba 2018

Marla mwanangu,

Pokea salamu za mama yako aliyeketi kwenye kiti cha kukunja, miguu juu ya ndoo na shali ya mjukuu mapajani. Simu hapa haishiki hata ukipanda juu ya karavani, kwa hiyo utasoma mwandiko wangu kama ulipokuwa chuoni, upende usipende. Lile tumbo likoje? Daktari akisema ulale, lala. Usijifanye jogoo.

Tumeshagonga mihuri mitano kwenye kijitabu chetu cha hifadhi. Baba yako anagonga mhuri kwa nguvu utadhani anaua nyoka. Tukifika hifadhi mpya, kabla ya maporomoko, kabla ya choo, ni mhuri kwanza.

Na bastola? Najua utauliza. Iko kiunoni kwake chini ya shati, mahali pake pa tangu hujazaliwa. Ameibandika ile ramani yake ndani ya mlango wa kabati. Majimbo yanayokubali kibali chake cha Tennessee cha kubeba silaha ameyapaka kijani, yasiyokubali ameyapaka nyekundu. Virginia kijani, hapa Pennsylvania kijani. Maryland ni nyekundu, basi tukazunguka milima mizima ili tusiikanyage, mafuta yakateketea. Nikamwambia, "Hollis, hiyo bastola ndiyo inayotutembeza sisi." Akanijibu, "Imogene, mtu anayebeba silaha lazima awe msafi kuliko mchungaji." Haya, mchungaji wetu unamjua, kwa hiyo si kazi kubwa.

Sasa mbele yetu kuna New York. Huko, anasema, kibali chetu ni karatasi ya kufungia karanga. Unajua ibada yake. Kwenye kituo cha mwisho cha mafuta kabla ya mpaka atasimama, atatoa risasi, ataifungia bastola kwenye sanduku la chuma nyuma ya gari, risasi atazifungia mbali nayo, kisha atanawa mikono kama daktari. Mimi hununua kahawa nikamngoja. Ndiyo mapumziko yangu.

Jana alikwenda kuoga akarudi kwenye karavani ya watu. Akafungua mlango, akamkuta bibi mmoja anapaka rangi kucha, akamuuliza kwa ukali amemweka wapi mkewe. Tumecheka mpaka mbavu zikauma. Karavani zote nyeupe, mwanangu, nani asingepotea?

Msalimie mumeo Curtis. Mwambie asikupikie vile vitu vyake vya kwenye makopo.

Mama yako,
Imogene


Hifadhi ya Ziwa Tamarack, New York
13 Septemba 2018

Marla binti yangu,

Mama yako amesema na mimi niandike. Hali ni nzuri. Gari halina tatizo. Breki nimezikagua.

Tumevuka mpaka leo asubuhi. Nimefanya kama sheria inavyotaka. Risasi nje, bastola ndani ya sanduku, kufuli limefungwa, funguo zimo mfukoni mwangu. Kuna watu wanaingia jimbo hili na silaha kiunoni, wakishakamatwa wanalia kwamba hawakujua. Mimi siwahurumii. Kibali si uchawi kwamba kitakufuata kila uendako. Unasoma sheria ya mahali, unaitii, basi. Nimeendesha basi la shule maisha yangu yote bila kumkwaruza mtoto wa mtu, na siri yake ni hiyo hiyo. Unafuata utaratibu hata siku ambayo hakuna anayekutazama.

Mama yako alinitazama kwa namna ya ajabu pale mpakani, na kahawa hakunywa. Nadhani amechoka na safari. Hapa pazuri, ziwa limetulia na misitu imeanza kugeuka rangi. Tutakaa wiki moja.

Jitunze. Curtis akague mafuta ya injini ya gari lako, asikudanganye kwamba ameshakagua.

Baba yako,
Hollis Ledbetter


Ziwa Tamarack
19 Septemba 2018

Marla,

Kwenye simu jana nilikueleza nusu tu, kwa sababu watu walikuwa wamesimama nyuma yangu. Leo wakili amekataza kabisa simu. Anasema simu za mahabusu na za ndugu zao zina masikio. Kwa hiyo naandika. Kaa chini kwanza, na Curtis akae karibu nawe.

Mama yako alikamatwa ndani ya kituo cha wageni. Tulikuwa kwenye foleni ya mhuri, maana kituo kilikuwa kimefungwa tangu tufike, watu wengi, watoto wengi. Zamu yetu ilipofika alitaka miwani, mkono ukatafuta ndani ya mkoba usiione, mkoba ukamponyoka ukamwagika wote juu ya meza. Miwani ikatoka, peremende zikatoka, madonge ya uzi yakatoka, halafu kikaanguka kitu kizito juu ya kioo cha meza. Ilikuwa bastola yangu. Mwanangu, nimesikia vishindo vingi katika maisha yangu, lakini kile bado kinagonga kichwani.

Mama mmoja alimlalia mtoto wake sakafuni. Askari wa hifadhi, binti mdogo kuliko wewe, akashika silaha yake. Nikafanya lile ambalo nimelifanya mbele ya kila ofisa tangu nipate kibali. Nikainua mikono nikasema, "Ofisa, silaha hiyo ni yangu, kibali ninacho, niambie nifanye nini." Kwetu ukisema hivyo, ofisa anakushukuru kwa uungwana wako. Huku unakuwa umekiri kosa kwa mdomo wako mwenyewe. Nililijua hilo, nimelisoma, lakini mikono ilipanda yenyewe. Hapo mama yako akapiga kelele, "Siyo yake! Nimeichukua mimi! Huyu hajui kitu!" Na kweli nilikuwa sijui.

Wamempeleka akiwa amefungwa pingu. Imogene, mwalimu wa watoto wa kanisani! Risasi zilikuwa ndani, zote. Wakili, Bi Ostrander, anasema kama ingekuwa tupu tungezungumza mengine, lakini ikiwa na risasi jimbo hili halina mzaha. Ni kifungo cha miaka.

Nimekagua sanduku. Kufuli halikuvunjwa. Funguo hazijatoka mfukoni mwangu. Basi aliipataje? Na kwa nini? Mwanamke ambaye hajawahi kuigusa hata kuifuta vumbi! Nimemuuliza kupitia kioo cha mahabusu, akanijibu, "Umekula, Hollis?"

Nimeduwaa.

Baba


Knoxville, Tennessee
24 Septemba 2018

Mama,

Curtis ameniambia umetoka kwa dhamana na kwamba kanisa moja la huko limewapa mahali pa kuegesha karavani mpaka siku ya mahakama. Nimshukuru Mungu au nipige ukuta, sijui. Hapa nilipo daktari hanipi ruhusa hata ya kwenda sokoni, la sivyo ningekuwa nimeshafika nikakushika mabega nikakutikisa.

Mama, bastola? Wewe? Wewe uliyekuwa ukinihamisha chumba baba akiisafisha? Siku nzima nimekuwa nikisema peke yangu, "Haiwezekani, haiwezekani," mpaka mama mkwe akaniletea maji.

Nitakuuliza mara moja, unijibu kama mtu mzima kwa mtu mzima. Ulikuwa unamwogopa nani? Kuna mtu alikufuata huko kambini? Au ni baba? Kama amekupiga, kama amekutishia, sema. Sitamwonea aibu kwa kuwa ni baba yangu. Nimewahi kuona wanawake kwenye kliniki yetu ya meno wanasema wameanguka kwenye ngazi, na nyumba zao hazina ngazi.

Miaka gerezani, mama. Huyu mtoto atakujua kwa picha. Tafadhali.

Marla


Kanisa la Mtaa wa Mill, New York
28 Septemba 2018

Marla wangu,

Mahabusu nimeiona, sasa nina habari za kuwasimulia kina dada wa kwaya. Maharage yao hawayatii hata kipande cha nyama ya nguruwe, yanaelea kwenye maji kama yaliyofiwa. Binti mmoja niliyelala naye chumba kimoja alinifundisha kusuka nywele mistari minne, nami nikamfundisha wimbo. Kwa hiyo usinililie.

Umeuliza swali la mtu mzima, nakujibu. Baba yako hajawahi kunipiga. Hajanitukana hata siku aliyofukuzwa kazi kaka yake akaja kukaa kwetu mwaka mzima. Ukimwandikia, usimtie hilo kichwani. Kambini hakuna aliyenifuata, labda bata mmoja wa ziwani.

Bi Ostrander ni mwanamke makini, ana viatu vizuri. Anasema mwendesha mashtaka si mnyama. Yuko tayari kulipunguza kosa, pengine nisilale jela hata siku moja, mradi nimpe sababu ya kueleweka kwa nini mwanamke wa umri wangu alikuwa na bastola yenye risasi kati ya watoto. "Nipe sababu, Bi Ledbetter," anasema, "nami nitaibeba." Nimemwambia sababu ni yangu. Akavua miwani akanitazama kama mtu anayetazama nyumba inaungua na mwenyewe amekaa ndani.

Sitasema, Marla. Usinisukume. Kuna mambo mtu akiyasema, hayarudi mdomoni. Nikifungwa, nitafungwa.

Shali imebaki pindo. Waliirudisha, ila sindano wamezizuia wakidhani nitamchoma nazo mtu.

Mama


Knoxville
2 Oktoba 2018

Baba,

Sitazunguka. Mama yuko tayari kwenda jela kuliko kusema kwa nini alibeba bastola yako. Ananificha kitu, na kila nikikitafuta nakuta wewe umesimama mbele yake.

Umemfanya nini?

Wewe ndiye unayejua kila kifungu cha kila jimbo. Wewe ndiye mwenye funguo. Sasa mwanamke aliyekupikia miaka arobaini na minne anaelekea kufungwa kwa silaha yako, nawe unaniandikia kuhusu kufuli! Nataka jibu, na nalitaka kwa mkono wako.

Marla


Kanisa la Mtaa wa Mill
6 Oktoba 2018

Marla binti yangu,

Barua yako imenichoma. Nimeiweka, nikatoka nje, nikatembea kuzunguka kanisa, nikarudi nikaisoma tena. Hajawahi mtu kuniandikia hivyo, na sikudhani wa kwanza angekuwa wewe.

Sijamfanya mama yako kitu. Nakuapia kwa kaburi la mama yangu. Siku zote nimebeba ile silaha kwa sababu yake na yako. Ule mwaka ulipokuwa mdogo yule mtu alipovunja mlango wa jikoni, nani alisimama kwenye korido? Sikufyatua hata risasi moja, ila alipoiona aliondoka. Tangu siku hiyo nilijiambia nyumba yangu haitaingiliwa. Kama hilo ni kosa, basi nihukumiwe.

Wewe unauliza nimefanya nini. Mimi pia nauliza. Nalala nikiuliza, naamka nikiuliza. Nimerudia kila hatua tangu mpakani. Nilisimama kituoni, nikatoa risasi, nikafunga. Mbona naona kufuli na sioni kituo? Naona mkono wangu unafunga, lakini nyuma yake naona kile kituo cha Virginia cha safari ya zamani, chenye mbwa wa rangi ya kahawia, siyo kingine.

Hapa watu wa kanisa ni wema. Huyu mama anayekaa nami kwenye karavani naye ni mtu mwema, sina la kumlaumu, na maharage yake yanakaribia kabisa ya mama yako. Tatizo haondoki. Naona haya kumfukuza mtu mzima. Mwambie mama yako amalize mambo ya huko nyumbani aje upesi, kabla watu hawajaanza kusema, maana unajua midomo ya watu wa kanisa.

Breki nimezikagua.

Baba yako,
Hollis Ledbetter


Knoxville
10 Oktoba 2018

Mama,

Nimepata barua ya baba. Nimesoma ile aya ya mwisho nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikampa Curtis aisome kwa sauti nikidhani ni macho yangu.

Anaishi na nani kwenye karavani, mama?

Sasa nieleze yote.

Marla


Kanisa la Mtaa wa Mill
14 Oktoba 2018

Mwanangu,

Basi umeona. Mimi nikiwepo, kila barua yake naisoma kabla haijafungwa, ila hiyo aliipeleka posta mwenyewe nikiwa kwa wakili. Ile ya tarehe kumi na tatu Septemba niliisoma. Alikuandikia kwamba ameifungia bastola, na mimi nililamba bahasha kwa ulimi wangu.

Mpakani hakusimama. Kituo kilikuja, nikashika mkoba tayari kwa kahawa yangu, kituo kikapita. Nikasema, "Hollis, kituo kile." Akasema, "Kituo gani?" Nikasema, "New York hii, baba." Akanitazama kama mtu anayesalimiwa na asiyemjua, kisha akacheka, akasema ameshamaliza yote. Bastola ilikuwa kiunoni kwake, naiona inavyovimbisha shati. Baba yako, Marla! Aliyewahi kurudi maili nzima kwa sababu alisahau kuwasha taa ya kukatia kona! Nilijua siku hiyo kwamba zile karavani hazikuwa na kosa kwa kufanana.

Siku mbili baadaye, baada ya chakula cha mchana, akajilaza. Mimi nilikuwa nje nafuma. Uzi ukaniishia nikaingia kuchukua mwingine. Nilimkuta ameketi kitandani, bastola mkononi, na mtutu wake umenielekea hapa kifuani. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Macho yalikuwa yake lakini hayakuwa na mimi ndani. Akasema, "Wewe mwanamke ni nani? Umemfanya nini mke wangu?"

Nilitaka kusema jina langu. Mungu akanizuia, maana niliona jina hilo ndilo lingemkasirisha, angedhani nimeliiba pamoja na mwenyewe. Nikasema, "Bwana, mimi jirani. Imogene kanituma, anasema pai imeiva, anakungoja nje." Akafikiri. Nilisikia maji yakidondoka kwenye bomba la karavani, nikayasikiliza kana kwamba ni redio. Kisha akasema, "Basi mwambie naja." Akaiweka bastola juu ya mto, akainama kuvaa viatu.

Nikaichukua. Sijui kutoa risasi, sijawahi kutaka kujua. Niliishika kama panya aliyekufa nikaisokomeza mkobani chini ya uzi. Alipotoka nje alikuwa ni Hollis. Akaniambia, "Imy, mbona umepauka hivyo? Ingia upumzike." Na hakuitafuta tena, maana kichwani mwake imefungiwa kwenye sanduku.

Utauliza kwa nini sikuitupa ziwani. Watoto wanaoga mle. Kwa nini sikumpa askari? Askari angeuliza ya nani. Nilikuwa nataka tufike tu nyumbani, nikukabidhi wewe, halafu nilie. Nilitembea nayo begani siku tatu nikiogopa hata kuweka mkoba chini kwa nguvu.

Sasa unajua kwa nini sisemi. Nikisema mbele ya hakimu, baba yako atakuwa ameketi nyuma yangu anasikia. Huyu mtu amejijenga maisha yake yote juu ya neno moja, kwamba mimi na wewe tuko salama akiwepo. Umwambie kwamba mtu aliyeingia na silaha nyumbani mwetu ni yeye? Hapana. Utakuwa umemuua bila risasi. Ninampenda, Marla, na ninamwogopa, na sikujua vitu hivyo viwili vinaweza kulala kitanda kimoja.

Ichome barua hii.

Mama


Knoxville
18 Oktoba 2018

Baba yangu,

Mama ameniomba nisikuandikie haya. Nimelala na ombi lake siku mbili, nimeshindwa kulitimiza. Akifungwa, wewe utabaki na nani kwenye hiyo karavani? Yeye hajawaza hilo, au amewaza akaliogopa.

Nisamehe kwa barua yangu ya mwanzo wa mwezi. Nilikushtaki kwa jambo ambalo hukulijua.

Humu nimeirudisha barua yako ya tarehe sita. Isome mpaka mwisho, hasa pale unapomtaja mama anayekaa nawe. Mwandiko ni wako, baba. Kisha soma ya mama, nimeiweka chini yake. Aliniambia niichome. Ninakuomba uisome mchana, umeketi, na yeye akiwa karibu, na usimfokee.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu akificha hatari, hatari inakuwa mara mbili. Nimeamua kukutendea kama baba aliyenifundisha hivyo. Kama nimekosea, nitakuwa nimekosea kwa kukuheshimu.

Nakupenda sana.

Marla


Kanisa la Mtaa wa Mill
24 Oktoba 2018

Marla binti yangu,

Nimezisoma. Ya kwangu niliisoma mara nyingi kuliko ya mama yako. Nilitafuta kosa kwenye herufi, nikitumaini mtu ameniiga. Ni mkono wangu. Sikumbuki kuandika maneno yale, na ni mkono wangu.

Nilimwita Imogene nikamuuliza. Akakana. Nikamwonyesha barua yake mwenyewe, akakana tena huku anaitazama. Nikamwambia, "Imy, niliielekeza wapi?" Nikachukua mkono wake nikaomba anionyeshe. Akauweka kifuani kwake. Nilitoka nje nikatapika kwenye maua ya kanisa. Mtu niliyekuwa nikimlinda Imogene dhidi yake tangu ujana wangu ni mimi.

Juzi tulikwenda wote wawili kwa Bi Ostrander, na jana kwa mwendesha mashtaka. Mama yako alitaka kusema yeye, nikamwambia aketi. Nikavua kofia nikasema mwenyewe kila kitu, la mpakani na la kitandani. Pale niliposahau, alinikumbusha. Yule bwana aliweka kalamu chini akamtazama Imogene. Mwisho akasema hataomba kifungo. Kosa litashushwa, atapigwa faini, atakwenda nyumbani. Hakimu atasikiliza wiki ijayo, na wakili anasema halitabadilika. Bastola itayeyushwa. Nimetia sahihi.

Leseni ya kuendesha nimemkabidhi mchungaji wa hapa mbele ya mama yako. Curtis apande ndege aje aendeshe karavani. Mimi nitakaa nyuma.

Sasa sikiliza kazi yako. Nimepata asubuhi nzuri, kichwa kimetulia, naandika upesi. Nyumbani kuna bunduki ya kuwindia ndege nyuma ya mlango wa jikoni, ya kulungu juu ya kabati la chumbani, na ile ya marehemu baba yangu chini ya ngazi. Kuna bastola ndogo kwenye kopo la unga wa mahindi, mama yako haijui. Curtis azitoe zote kabla hajaja kutuchukua, na risasi zote. Usiniambie zimekwenda wapi, hata nikikuomba kwa machozi.

Nitaziuliza. Najijua. Nitakuita mwizi, nitasema mama yako ameziuza, pengine nitasema maneno ambayo hujawahi kuyasikia kinywani mwangu. Siku hiyo nipe barua hii niisome mwenyewe. Nikiisoma nikanyamaza, nipikieni kahawa.

Nikisema mwandiko huu si wangu, msibishane na mimi. Mchukue mama yako, mtoke nyumbani, mfunge mlango kwa nje. Msirudi kwa sababu nawaita kwa majina. Mimi baba yako, nikiwa na akili zangu asubuhi ya leo, nimewaruhusu.

Hollis Ledbetter